Mwanza Uende Lini? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Msimu, Mbalamwezi na Saa ya Kuingia Ziwani

Ukimuuliza mwenyeji wa Mwanza jua linawaka mwezi gani, atakujibu: yote. Na hakosei. Jiji liko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Januari na mchana wa Julai joto lake linakaribiana, nyuzi 27 hadi 29 hivi, na mchana mrefu kuliko yote kwa mwaka hauuzidi ule mfupi hata kwa dakika ishirini. Anayetafuta jua peke yake basi achague tarehe yoyote.

Kinachobadilika huku ni maji: yanayoshuka kutoka mawinguni, na yale ya ziwa yakishapigwa na upepo. Mgeni anafika Aprili akitaka kuvuka kwenda Ukerewe kwa mtumbwi, mwingine anakuja mbalamwezi ikiwa pevu akitaka kuona uvuvi wa dagaa, mwingine anapanga kurudi kutoka kisiwani saa kumi alasiri katikati ya Julai. Wote watatu wana jua, na wote watatu watavunjika moyo. Ndiyo maana napanga hatua zangu kutoka kubwa kwenda ndogo: shughuli, upande wa ziwa, msimu, mwezi wa angani, kisha saa. Ukiruka moja, zinazofuata hazitakusaidia sana.

Hatua ya 1: Anza na shughuli, tarehe zitafuata

Wengi huanza na likizo waliyopewa kazini, wanakata tiketi, ndipo wanauliza. Geuza mpangilio huo. Andika jambo moja ambalo usipolifanya utaona hukufika Kanda ya Ziwa. Moja tu, maana ziwa hili halikupi yote kwa wiki moja.

Kama ni ngoma za Wasukuma, mwaka unajichagua wenyewe. Ngoma hufuata mavuno: mahindi na mpunga vikishaingia ndani, watu wanapata nafasi ya kucheza, na kuanzia Juni hadi Agosti vijiji vya Magu, Kwimba na Misungwi havilali. Kitovu chake ni Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji kwenye barabara ya Musoma, penye makumbusho ya Wasukuma. Hapo hufanyika Bulabo, sikukuu inayofungamana na Ekaristi Takatifu, na ambayo kwa hiyo hufuata Pasaka: hesabu siku sitini hivi baada ya Pasaka ndipo utajua mwaka huo imeangukia wapi, mara nyingi ndani ya Juni. Utaona Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, wakishindana, kila upande ukicheza wakati uleule na mwenzake, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Utaona ngoma ya bugobogobo na majembe yakirushwa juu, na wachezaji wa nyoka wakijizungushia chatu mwilini. Mtu akiniambia ana nafasi ya kuja mara moja tu maishani, simwachi amalize kusema kabla sijamwambia Juni.

Kama ni Serengeti, kumbuka Mwanza ndiyo mlango wake wa magharibi. Lango la Ndabaka liko karibu na Lamadi, kilomita 140 hivi kutoka mjini, mwendo wa saa mbili na ushee kwa gari. Lakini nyumbu hawakai upande huu mwaka mzima. Januari hadi Machi wako kusini kabisa, Ndutu, wakizaa. Mei mwishoni hadi mwanzoni mwa Julai ndipo wengi wao hupita ukanda wa magharibi na kuvuka Mto Grumeti. Kisha wanapanda kaskazini kuelekea Mto Mara. Wakati wako kwa njia ya Ndabaka ni Juni. Simba, viboko, twiga na mamba utawakuta mwezi wowote, ila mvua ikinyesha udongo mweusi wa mbuga za Ndabaka hunasa magari, hata yale yenye nguvu ya magurudumu manne.

Kisiwa cha Rubondo ni habari nyingine. Kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 1977, na sokwe wake ni uzao wa wale walioachiwa huko kati ya 1966 na 1969. Kuwafuata sokwe porini kunataka njia kavu, yaani Juni hadi Septemba. Anayekuja kwa ajili ya ndege achague Novemba hadi Machi, ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia wanapokuwa wameongezeka juu ya wale wa hapa. Zamani safari ya Rubondo kwa barabara ilianza kwa kukaa foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, linavusha magari, na unaweza kupanga siku yako bila kuombea kivuko kisiharibike.

Halafu kuna wapenda senene. Hao wakifika Julai watarudi mikono mitupu. Senene huko Bukoba ni wa msimu wa mvua, hasa Novemba na Desemba, na aliyeamua kula senene wabichi waliotoka kukaangwa awe ameamua pia kunyeshewa.

Kisiwa cha Saanane, ufukwe, sato wa kuchoma na jua la jioni kwenye Jiwe la Bismarck vipo mwaka mzima. Kwa hayo, ruka moja kwa moja hadi hatua ya nne.

Hatua ya 2: Jua uko upande gani wa ziwa

Kosa la wanaotoka mbali ni kudhani Ziwa Victoria lina hali moja ya hewa. Lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800. Linatosha kujitengenezea mvua zake lenyewe, na linafanya hivyo.

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda, na ya ziwani inakuja kujaza nafasi; huo ndio upepo unaokupiga usoni ukikaa Capri Point mchana. Mawingu yanajikusanya juu ya vilima vya bara huku katikati ya ziwa kukiwa kweupe. Usiku mambo yanageuka: nchi kavu imepoa, maji bado yana joto, upepo unatoka kila ufuko kuelekea majini, unakutana katikati na kupanda juu. Hapo ndipo radi za usiku zinapozaliwa. Pepo za mashariki zinazisukuma zile mvua kwenda magharibi, na alfajiri zinawaangukia watu wa Bukoba.

Matokeo yake unayaona kwenye mashamba. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, migomba imefunika kila kitu. Mwanza hupata kama nusu yake, na Musoma pungufu zaidi, ndiyo maana huko unaanza kuona pamba, mtama na mihogo. Kwa mpangaji wa safari maana yake ni hii: mwezi ambao Mwanza unaitwa wa mvua chache, Bukoba bado unaweza kunyeshewa asubuhi nzima. Ukitaka kuunganisha miji yote mitatu, chagua msimu kwa kuangalia Bukoba, maana ndiyo ngumu. Musoma na Mwanza zitajipa.

Hatua ya 3: Chagua msimu

Juni, Julai na Agosti ni kipupwe. Mvua karibu hakuna, Julai ndiyo kavu kuliko yote, na usiku baridi hushuka hadi nyuzi 16 hivi, kwa hiyo sweta si mzigo wa bure. Barabara za vijijini zinapitika, mbu wamepungua, michembe na matobolwa (viazi vitamu vya kukaushwa) vimeanikwa juu ya miamba kila unakopita. Tarehe 8 Agosti kuna Nane Nane, na viwanja vya Nyamhongolo hujaa wakulima na wafugaji wa kanda nzima.

Lakini usidanganywe na ukavu ukadhani ziwa limetulia. Huu ndio msimu wa upepo mkali wa kusi-mashariki. Unaanza pole asubuhi, ukifika mchana unakuwa na nguvu, na unatembea kilomita nyingi juu ya maji bila kizuizi. Ndani ya Ghuba ya Mwanza umekingwa kidogo. Ukishatoka kwenda kisiwa cha Ukara au maji ya wazi nyuma ya Ukerewe, mawimbi yanakuwa ya bahari. Mwenye kichefuchefu cha chombo ajue mapema. Jambo jingine la msimu huu ni vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, vinavyofanya ng'ambo ya ziwa isionekane vizuri. Machweo yanakuwa mekundu ya kupendeza, ila picha za mbali hazitoki safi.

Septemba na Oktoba ni mpito. Joto linapanda, upepo unalegea, nyasi zimekauka kabisa. Mwishoni mwa Septemba, na tena katikati ya Machi, jua hupita juu ya utosi kabisa, na mchana kivuli chako kinaingia chini ya nyayo. Watu wenye ngozi nyepesi, watoto wachanga na ndugu zetu wenye ualbino wapewe kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kujikinga, hasa ndani ya boti, ambako maji hurudisha mwanga na upepo unakuficha usihisi unaungua. Hii ni miezi ninayoipendekeza kwa anayetaka maji tulivu bila mvua na hajali ngoma wala nyumbu.

Novemba na Desemba ni vuli. Mvua huja kwa vishindo, inanyesha saa moja au mbili kisha jua linawaka tena, na miamba ya jiji inang'aa. Maembe yamejaa barabarani. Hewa imesafishwa, unaona vilima vya ng'ambo mstari kwa mstari. Ubaya ni mafuriko ya ghafla katikati ya mji, kwa sababu Mto Mirongo unapita humo na maji yote ya vilimani yanaushukia. Ukichukua chumba msimu huu, chagua palipoinuka. Ubaya wa pili ni wa binadamu: kuanzia katikati ya Desemba kila Msukuma, Mhaya, Mkerewe, Mjita na Mkurya aliyeko Dar es Salaam anataka kula Krismasi nyumbani. Mabasi yanajaa, ndege zinapanda bei. Mwenye uchaguzi aiepuke wiki ile.

Vuli pia haitabiriki sawasawa mwaka hadi mwaka. Bahari ya Hindi upande wetu ikipata joto kuliko kawaida, au ikiwa ni mwaka wa El Niño, vuli huongezeka sana. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 zilipandisha ziwa kiasi kwamba wazee bado wanazitaja pamoja na Uhuru. Baada ya mvua za 2023 na 2024, Mei 2024 ziwa lilifika kina ambacho hakijawahi kurekodiwa, na fukwe nyingi za starehe zikamezwa na maji. Ndiyo maana picha ya ufukwe iliyopigwa miaka mingi nyuma isikufanye ulipie chumba. Omba picha ya wiki hii.

Januari na Februari mvua hupungua bila kukatika. Nchi ni ya kijani, wageni wachache, bei zinaelewana. Kwa anayejali utulivu na mandhari, Februari ni chaguo langu la pili baada ya mwisho wa Juni.

Machi hadi Mei ni masika, na Aprili ndiyo kilele. Barabara za vumbi zinakuwa tope, safari za maji zinaahirishwa, dagaa hawakauki vizuri, na kuelekea mwisho wa msimu malaria huongezeka. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi nchini. Chandarua ni cha mwaka mzima, lakini mwenye mimba au mtoto mdogo asingoje kuambiwa mara mbili kwa miezi hii. Mei nusu ya pili mambo huanza kufunguka.

Hatua ya 4: Tazama mwezi wa angani

Hatua hii haimo kwenye mipango ya wageni wengi, na ndiyo inayotenganisha safari nzuri na ya kawaida.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa ikiwekwa juu ya maji, dagaa huifuata, wavu unazungushwa. Mbalamwezi ikiwa pevu, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa ya mvuvi haina nguvu tena, kwa hiyo wavuvi hubaki ufukoni wakishona nyavu na kupumzika. Ukitaka kuona ziwa likiwaka taa usiku kama mji uliojengwa juu ya maji, njoo giza la mwezi. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana kazi rahisi: siku za mwisho wa mwezi na zile za mwanzo, mwezi ukishaandama, ni za uvuvi, karibu na tarehe 14 na 15 ni za kupumzika. Soko la Mwaloni, Kirumba, nalo hufuata mzunguko huohuo. Kwenye giza mzigo wa dagaa ni mwingi, kwenye mbalamwezi unapungua na bei inapanda. Sangara na sato hawafungwi sana na taa, hao utawapata.

Giza la mwezi lina gharama yake. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kwa wingu zima juu ya maji huibuka zaidi mwezi unapokuwa mchanga. Hawaumi wala hawaambukizi malaria, lakini wakiingia chumbani wanajaa kila mahali. Jioni ukiona wingu jeusi likisogea kutoka ziwani, funga madirisha kabla ya kuwasha taa. Mwenye pumu aombe chumba kisichotazama maji moja kwa moja.

Kinyume chake, aliyekuja na mwenzi wake kwa matembezi ya usiku ufukoni, au anayetaka kupiga picha za miamba bila jua kali, achukue siku tatu kabla na baada ya mwezi mpevu.

Hatua ya 5: Panga saa

Kwa sababu Mwanza iko magharibi ya Dar es Salaam, jua huchomoza na kuzama huku dakika kama 25 baadaye. Kutegemea na mwezi wa mwaka, utaliona likichomoza kati ya saa 12:25 na saa 1 asubuhi, na mchana wenyewe wa jua uko karibu na saa 6:45. Aliyezoea ratiba ya Dar asishangae kukuta saa 12 asubuhi bado ni giza bandarini. Jioni nako anapata nyongeza. Jiji limekaa ufuko wa mashariki wa ghuba, hivyo jua huzama ng'ambo, upande wa Kamanga. Ukiwa Bismarck au Capri Point saa 12:15 jioni, hujachelewa.

Kwa safari za maji kuna kanuni mbili, na zinatofautiana kwa msimu. Kipupwe, ondoka mapema kabisa na urudi kabla ya saa 8 mchana, kwa sababu adui ni upepo wa mchana. Vuli na masika, usikimbilie alfajiri, kwa sababu radi za usiku bado zinaweza kuwa ziwani. Ngoja hadi saa 3, tazama mbingu, muulize nahodha, ndipo uamue. Kwa Saanane, iliyo karibu sana na mji, asubuhi ni bora msimu wowote, pimbi wanapokuwa wameanza kuota jua juu ya miamba.

Kuogelea nakuomba ujizuie, hata ziwa liking'aa vipi. Kichocho kipo fukwe nyingi, hasa penye maji yaliyotulia na majani, na vimelea hutoka kwa wingi kuelekea mchana. Aliyekwisha kuingia majini akapime baada ya wiki sita hadi nane hata kama hajisikii vibaya. Dawa ipo na inatibu.

Hatua ya 6: Hakikisha kabla ya kulipa, na tena kabla ya kupanda

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa vuli na wa masika kabla ya msimu kuanza, pamoja na utabiri wa kila siku wa Ziwa Victoria kwa watumiaji wa ziwa. Wa kwanza usome kabla ya kulipia chumba. Wa pili usome usiku wa kuamkia safari, na ukisema mawimbi ni makubwa, usibishane nao kwa sababu ya picha.

Ila hali ya hewa nzuri haimlindi abiria wa chombo kilichojaa kupita kiasi. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Kila mara mamia ya watu walipotea, na kila mara idadi ya abiria ilikuwa imezidi uwezo wa chombo. Septemba, mwezi niliousifu hapo juu kwa maji tulivu, ndio uliotuzika. Siku za gulio na sikukuu ndizo za kuogopa. Ukiona watu wamebanana na mizigo imepanda juu, shuka, hata kama nauli umeshalipa. Jaketi la kuokolea livae tangu mwanzo na ulifunge.

Kama tarehe haziko mikononi mwako

Harusi, msiba na semina haviulizi msimu. Aliyeletwa Aprili apange mambo ya ndani ya jiji asubuhi na ya barabara ya lami mchana: Mwaloni, Bujora, Saanane mvua ikikatika. Ukerewe aifikirie kwa meli kubwa ya Nansio, mwendo wa saa tatu hivi au zaidi, au azunguke kwa Bunda na kuvuka kwa kivuko kifupi cha Kisorya. Aliyeletwa Desemba anunue tiketi ya kurudi siku ileile anaponunua ya kuja. Na yeyote anayelala kisiwani, mwezi wowote ule, aweke siku moja tupu kati ya kurudi kwake Mwanza na ndege yake.